Aida na Kura ya Vyoo

Kila asubuhi, kabla watoto hawajatoka nyumbani kwao mtaa wa Lozells, huko Uingereza, Bibi Shemsa alijaza maji chupa mbili na kumtilia mjukuu wake Yasir kwenye mkoba. Moja ilikuwa ya kunywa. Ya pili, ndogo ya kijani, ilikuwa ya kutawazia, maana vyoo vya shule vilikuwa na karatasi tu. Na kila alasiri chupa zote mbili zilirudi zimejaa vilevile. Yasir alikuwa na miaka sita, na aliona haya kuingia chooni na chupa mkononi huku wenzake wakimcheka. Basi alikuwa hanywi kitu, akajibana mpaka arudi nyumbani.

Dada yake Aida, wa darasa la sita, alilijua hilo. Kila siku alimwona akichomoka mbio kuanzia kona ya duka la mboga hadi mlangoni kwao, na kila siku alimcheka.

Aida mwenyewe alikuwa mtu mkubwa pale nyumbani. Mama yao alikuwa muuguzi hospitalini huko Harborne, na zamu zake hazikuwa na mpangilio, kwa hiyo shughuli nyingi zilimwangukia Bibi. Naye Bibi alikuja kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na Kiingereza kilimpiga chenga. Dukani, kwa daktari, ndani ya basi, Aida ndiye aliyefasiri.

"Macho ninayo, masikio ninayo," Bibi aliwaambia mashoga zake wa darasa la msikitini, "lakini ulimi wangu ni huyu." Aida alivimba kichwa kila aliposikia hivyo.

Mwaka ule zilitengwa fedha za kukarabati shule yao, na wakazi wa mtaa wakaambiwa waamue wenyewe kwa kura. Wachague vyoo vipya vyenye bomba la maji kando ya kila choo, au uwanja wa mpira wenye nyasi bandia. Fedha zilitosha kimoja tu.

Aida alikuwa nahodha wa timu ya wasichana. Uwanja wao ulikuwa tope tupu. Harpreet, golikipa na rafiki yake mkubwa, aliwahi kuacha kiatu humo kikazama. Aida aliutaka uwanja mpya kuliko nguo za Idi.

Siku ya kura, ukumbi wa shule ulijaa. Mwalimu mkuu, Bi Darshana, alieleza mambo yote kwa Kiingereza, taratibu kabisa. Kisha kila mtu mzima akapewa kipande cha plastiki akatumbukize katika sanduku alitakalo, la buluu kwa vyoo, la kijani kwa uwanja. Bibi na mashoga zake walikuwa wamejaa safu ya nyuma. Wote wakamgeukia Aida.

"Anasemaje?" Bibi alinong'ona.

Aida akatazama yale masanduku mawili. "Anasema vyoo vitajengwa, hilo limeshapita. Sasa wanauliza kama tunataka na uwanja."

"Alhamdulillahi! Yasir wangu atapumua. Sasa sisi tutie wapi?"

"Kwenye lile la kijani."

Wakapanga foleni, wakatia. Uwanja ulishinda kwa kura chache, chache kuliko idadi ya wale mabibi wa safu ya nyuma. Harpreet alimrukia Aida shingoni kwa furaha. Aida naye akacheka, lakini hakutazama safu ya nyuma.

Haukupita muda Yasir akashikwa na homa, akawa analia kila akikojoa. Daktari akasema mtoto ana maambukizi katika njia ya mkojo, kwa sababu hanywi maji ya kutosha na anajizuia muda mrefu. Aida ndiye aliyemfasiria Bibi maneno hayo, na safari hii hakuthubutu kupunguza hata moja.

Jioni ile Bibi alikaa kitandani kwa Yasir akimnywesha maji kidogokidogo. "Vumilia, mwanangu. Vyoo vyenye maji vinakuja. Si dada yako alinieleza mwenyewe?"

Yasir akamtazama Aida, akatabasamu.

Tabasamu lile lilimuumiza Aida kuliko kofi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alitamani atoke chumbani, lakini akasogea karibu na kitanda.

"Bibi, vyoo haviji," alisema. "Nilikudanganya. Kura ilikuwa ya kuchagua kimoja, na mimi niliutaka uwanja."

Bibi hakumpiga wala hakufoka. Aliweka kikombe chini polepole. "Kwa hiyo ni mkono wangu mimi uliomnyima maji mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Bibi."

Mama aliporudi kutoka kazini na kumshika mgonjwa, Bibi akasema neno moja tu. "Vaa koti."

Walikwenda nyumba kwa nyumba kwa mashoga zake wote, na kila mlangoni Aida akalazimika kuyarudia maneno yaleyale. Hayakuzoeleka. Bi Saido, Msomali aliyekulia Nairobi, alimsikiliza akiwa ameshika mlango.

"Kwani sisi ni mizigo?" aliuliza. "Tumekaa pale tukikuamini, nawe unatupeleka unakotaka!" Machozi yalimtoka Aida na hakuyafuta.

Kesho yake walikwenda kwa Bi Darshana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani. "Nami nina kosa," alisema. "Nilimwachia mtoto kazi ya mtu mzima."

Akaitisha kura upya, safari hii na wakalimani watu wazima. Lakini kwanza Aida alisimama mbele ya ukumbi mzima, akakiri alichofanya, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Harpreet, aliyekaa mbele, aliinama akatazama viatu vyake. Vyoo vikashinda. Wakati wa kutoka Harpreet alimpita Aida bila kumsubiri, na Aida hakumlaumu.

Adhabu kubwa zaidi ilikuwa ya nyumbani. Bibi hakumwomba tena amfasirie. Dukani alionyesha kwa kidole. Miadi ya daktari alingoja siku ya mapumziko ya Mama. Aida alisimama kando yake kama mwavuli ndani ya nyumba.

Vyoo vipya vilipofunguliwa, Yasir alirudi na chupa ya kunywa ikiwa tupu. Ile ya kijani ilibaki nyumbani. Alasiri hiyohiyo Bibi alikuwa na miadi kliniki, na Mama aliitwa zamu ghafla, ikabidi Aida amsindikize. Muuguzi wa pale alisema maneno mengi. Bibi akamgeukia Aida.

"Haya. Anasemaje?"

Aida akasogea karibu. "Anasema sukari imepanda, Bibi. Chai unywe bila sukari. Na halua uache."

"Na halua kaitaja?"

"Kaitaja, Bibi."

"Hilo nalo si ungeliruka!" Bibi akaangua kicheko. Kisha akamshika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Njia ya mwongo ni fupi. Yako iliishia kitandani kwa ndugu yako. Neno la mtu ni amana. Ukipewa ulifikishe, lifikishe zima, tamu au chungu, ulipende usilipende."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Sasa mwambie nimeelewa."

Nyumbani, Bibi alionja chai isiyo na sukari, akakunja uso. Alilitazama kopo la sukari, akalichukua, akamkabidhi Aida.

"Lifiche wewe," alisema. "Na nikikuuliza lilipo, usinidanganye. Niambie tu kwamba huniambii."