Renata na Fundi wa Vioo

Jumamosi ile soko la mtaa wa Strip lilikuwa limefurika. Foleni ya samaki ilitoka mpaka barabarani, wauza maua walikuwa wakibishana bei na wateja, na harufu ya kahawa iliyokaangwa ilikuwa ikigombana na harufu ya soseji. Renata Wojcik alipenya katikati ya msongamano huo akiwa amevaa koti la mvua la manjano na buti zilizolowa, amekumbatia kifurushi kifuani kama mtoto mchanga.

Hakufika mbali. Mwanamume mmoja mrefu, aliyekuwa akirudi nyuma kumpisha bibi kizee, alimpiga kumbo. Kifurushi kikamponyoka. Kilipotua sakafuni, kilitoa mlio ambao kila mtu pale aliuelewa.

"Mungu wangu! Samahani, dada. Samahani sana."

"Samahani yako itaniungia chupa yangu?"

Mwanamume akachutama, akafunua skafu iliyozungushiwa chupa. Ilikuwa chupa ya maabara yenye shingo tatu, au tuseme ilikuwa nazo. Akakigeuza kitako chake, akaanza kucheka.

"Unacheka nini?"

"Hii niliitengeneza mimi, kwa maabara ya juu yangu. Tazama hapa: C.M. Cordell Mabry, fundi wa vioo wa Chuo Kikuu cha Brannock. Ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Kwa muuza vioo wa mtaa wa pili, anizibie ufa. Mimi niko Brannock mwaka wa tano na sijawahi kusikia kwamba tuna fundi wa vioo."

"Karakana yangu iko ghorofa mbili chini ya miguu yako, Daktari. Miaka mitano unanikanyaga utosini, mimi kimya. Leo kiwiko kimoja tu, umevimba hivyo?"

Renata alijitahidi kununa, akashindwa. Cordell alikuwa na mikono mipana yenye makovu madogo ya moto na kofia ya sufu iliyokaa upande. Alimnunulia pierogi, vile vipande vya unga vilivyojazwa viazi, wakala wamesimama, wakipulizia vidole. Jumatatu chupa mpya ilikuwa mezani kwake. Ndani yake mlikuwa na kikaratasi: *Hii ukiivunja, unanipikia.*

Haikuvunjika, lakini alimpikia.

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Miezi mitano baadaye jengo zima lilikuwa likijua kwa nini Dakta Wojcik hapandi tena lifti, kwa nini hushuka kwa ngazi akiimba. Kazi yake ilikuwa kupima mapafu ya watoto waliokulia karibu na viwanda vya chuma vya bonde la mto Mon. Watoto mia tatu na kumi na wawili, aliowafuatilia tangu wakiwa wachanga. Sampuli zao za damu zilikuwa kwenye majokofu nyuma ya meza yake, na majina yao alikuwa nayo kichwani.

Mwezi Machi ikaja barua kutoka Washington. Ilikuwa na aya mbili tu. Serikali ya shirikisho ilikuwa imebadili vipaumbele vyake, na utafiti huo haukuwa tena miongoni mwavyo. Fedha zingekoma mwisho wa Juni.

"Hawajasema tumekosea," Profesa Abelson, mkuu wa maabara, alimwambia kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Wangesema tumekosea ningebishana nao. Wamesema tu kwamba hatuhitajiki. Juni ikiisha, majokofu yatazimwa."

Renata aliandika barua kila alikofikiria. Jibu la maana lilitoka mahali pamoja: hospitali ya Bergen, Norway. Wangempokea yeye pamoja na sampuli zake zote, kwa miaka miwili.

Hakumwambia Cordell. Kila jioni alijiapiza kwamba atamwambia kesho, na kila kesho Cordell alimkuta ngazini akamwita "bosi wangu wa ghorofani", naye akazungumzia mengine. Wiki mbili zikapita hivyo, mpaka karani wa idara alipoteremka karakanani kuomba masanduku ya kufungia vyombo vya Dakta Wojcik vinavyokwenda Norway.

Cordell alipanda ngazi na aproni yake ya kazi.

"Masanduku yawe na ukubwa gani?" aliuliza.

Renata akajua. "Cordell, nilikuwa nataka..."

"Nimeuliza ukubwa tu."

"Usinifanyie hivyo. Sijui hata kama nitakwenda."

"Nenda." Alisema akitazama majokofu, hakumtazama yeye. "Nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Nenda, Renata."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka nikupigie magoti?"

Ndicho hasa alichokitaka. Lakini kiburi nacho kina mdomo wake. "Sikutaka chochote," akajibu.

Baada ya siku ile Cordell hakupokea simu. Masanduku yaliletwa na mtu mwingine, yamepigwa randa vizuri, kila chombo kimetengewa nafasi yake. Renata aliposhuka karakanani alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Akajua amekimbiwa. Alitia sahihi mkataba wa Bergen, akakata tiketi, akawa anapita sokoni kwa njia ya mzunguko ili asiione ile sehemu waliyosimama wakila.

Jumatatu moja ya Juni, simu ikalia. Namba hakuijua.

"Wewe ndiye Renata? Mimi Odessa Mabry, mama yake Cordell. Usinisalimie, nisikilize kwanza. Mnanichosha nyote wawili."

"Shikamoo, mama. Kwani..."

"Mwanangu hali, halali, anazungumza na televisheni. Amekwambia karakana ilifungwa?"

"Ilifungwa lini?"

"Siku ileile alipoombwa masanduku yako; ameyapigia randa hapa kwangu. Asubuhi walimwita wakamwambia utafiti ukipungua, vioo navyo vinapungua. Miaka kumi na tisa, mwanangu! Mchana ndiyo akasikia habari yako. Sasa anakata vioo vya madirisha huko kiwandani McKees Rocks. Kaniapisha nisikwambie. Ati ukijua utabaki kwa kumhurumia. Nikamwambia, mwanamke si mbuzi, achaguliwe njia ya kupita. Mimi kiapo changu nimekivunja, Mungu anajua sababu."

Saa sita mchana Renata alikuwa kwenye uwanja wa kiwanda, bado na koti jeupe la maabara. Cordell alikuwa ameketi juu ya kreti na mkate asioula. Amekonda. Alipomwona alisimama, mkate ukaanguka.

"Mama kakwambia," alisema. Hakuuliza.

"Mwongo wewe."

"Na wewe je? Wiki mbili ulinificha."

"Nilikuwa naogopa!"

"Na mimi nilikuwa nafanya nini, nacheza? Ningekwambia baki, ungebaki. Halafu majokofu yangezimwa, na kila ukinitazama ungewaona wale watoto."

Renata alijua kwamba ni kweli. "Basi twende wote."

"Mama husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, kipenzi. Nani atampeleka?"

King'ora cha kiwanda kililia kuwarudisha watu kazini, Cordell hakusogea. Renata alimshika mikono yote miwili, akaipata ile minofu ya viganja na makovu yake aliyokuwa ameikosa miezi miwili.

"Nioe," alisema.

"Nini?"

"Leo Jumatatu. Kibali cha ndoa huchukua siku tatu. Ndege yangu ni Jumapili. Nioe Ijumaa."

"Nikuoe ili uondoke?"

"Ndiyo. Nikiondoka bila wewe kuwa wangu, nitakufa huko."

Cordell alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo. "Bosi wangu wa ghorofani," alisema. "Haya."

Katika mji ule watu wawili wanaweza kuoana bila mchungaji wala hakimu, mradi wawepo mashahidi wawili. Waliapiana sebuleni kwa Bi. Odessa, Renata katika gauni la buluu, Cordell katika suti ya kijivu iliyompwaya. Mashahidi walikuwa Bi. Odessa, kitini, na Profesa Abelson, ambaye alilia kuliko wote. Wakaishi pamoja kama mume na mke siku mbili, Jumapili Renata akapanda ndege.

Sasa ni Novemba, na Bergen kunanyesha. Kila siku, saa sita mchana kwa Renata, ambayo kwa Cordell ni alfajiri, simu yake hulia kabla mumewe hajakwenda kiwandani.

"Watoto wako wanaendeleaje?"

"Wote mia tatu na kumi na wawili wapo. Mama je?"

"Anasema unanikawiza kazini. Umekula?"

"Nimekula. Umevaa lile sweta?"

"Nimevaa. Imebaki miezi kumi na tisa, Renata."

"Kumi na tisa."

"Juzi nilikuwa nasema ishirini. Inapungua."

"Inapungua, mpenzi. Nenda, utachelewa."

"Kata wewe."

"Siwezi. Kata wewe."

Akakata Cordell. Renata alibaki dirishani akiitazama mvua, simu ingali sikioni, ikiwa bado na joto.