Mlango wa Chini ya Ziwa

Kizingiti cha chumba cha Bibi kilikataa kukauka. Seremala, mwanawe, alikipangusa asubuhi, akakipangusa mchana, na jioni akakuta tena maji membamba yamechuruzika chini ya mlango, kama mate kwenye pembe ya mdomo wa mtu aliyelala. Bati halikuvuja. Bomba halikupita pale, na aliyejenga ni yeye mwenyewe. Akasema labda ubao bado mbichi. Mkewe akamkumbusha kwamba ubao huo ameupiga randa, ameupaka vanishi na kuwachosha majirani kwa kuusifia, sasa ubichi umeutoa wapi?

Mkewe ndiye aliyeongoza watu wa kujitolea wanaosafisha ziwa la mtaa, na cheo kilimfuata hadi jikoni: mumewe alimwita Mwenyekiti, nusu kwa mzaha, nusu kwa usalama wake. Walipoanza, magugu maji yalikuwa yamelifunika ziwa kiasi kwamba mbuzi walilidhani malisho, wakajuta. Manispaa, ilipoombwa msaada, ilijibu kwamba kwa mujibu wa ramani yake mahali hapo hapana ziwa. Basi watu wakaingia wenyewe kila Jumamosi, wameshika kamba moja ndefu, wakipapasa tope kwa miguu na kuvuta nje kila walichokanyaga: matairi, magodoro, friji isiyo na mlango. Sheria yao ilikuwa fupi. Kilichotoka hakirudi, na kinachofaa kipate wa kukitumia.

Mlango ulitoka katikati, penye kina. Ulikuwa umelala chali juu ya tope, kitasa juu, na haukuwa umeoza hata ukingo. Ulipoachia, ziwa zima lilishusha pumzi. Wote walisikia, na wote wakakubaliana haraka kuwa ni gesi ya tope. Seremala aliugonga kwa kifundo cha kidole, macho yakamng'aa. Mbao za namna ile alikuwa hajaziona tangu enzi za uanagenzi wake. Chumba cha mama yake kilikuwa na pazia tu. Akaupachika hapo.

Bibi alikuwa mtu wa adabu za zamani. Kwake hodi isiyojibiwa ilikuwa tusi, hata kama mbishaji ni mdai. Kwa hiyo Mwenyekiti hakushangaa, alipokuwa akikatakata vitunguu jioni moja, kumsikia mkwewe akisema "Karibu" kwa ile sauti yake ya kupokea wageni. Alishangaa alipokumbuka kuwa mgeni angelazimika kupita jikoni. Akaenda, akafungua.

"Umemkaribisha nani, mama?"

"Aliyebisha."

"Mimi nilikuwa hapa, sikuona mtu."

"Sikusema kabisha kutokea kwenu," akasema Bibi, na akaendelea kusuka mkeka wake.

Walicheka kidogo wakati wa chakula. Seremala akasema uzee hauna hodi. Hakuna aliyeirudia kauli hiyo, maana kesho yake Bibi aliamka anakohoa, na alichokohoa kwenye kitambaa hakikuwa makohozi bali maji ya kijani yenye uzi wa mzizi ndani yake. Zahanati ikasema ni mapafu, ikampa vidonge. Vidonge vikalowa ndani ya kichupa kilichofungwa.

Kisha ikaja harufu, kwanza ya tope tu, harufu ambayo nyumba yenye mabuti ya ziwani imeizoea, lakini hii haikukaa kwenye mabuti, ilikaa kwenye mashuka yaliyotoka kuanikwa, kwenye chai, kwenye nywele za Bibi alipochanwa. Na pamoja na harufu ikaja sauti, mchana kweupe, ya kitu kizito na laini kikijipangusa taratibu upande wa pili wa ubao, ingawa ukiufungua upande wa pili ulikuwa ukumbi uleule wenye kalenda ileile. Na Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekanyaga kila uchafu uliomo katika ziwa lile bila kukunja uso, alijikuta akipita ukumbini ubavuubavu, mgongo ukiwa ukutani, asiugeuzie mlango kisogo, mpaka siku alipomkuta mkwewe amesimama mbele ya mlango huo, miguu mitupu ndani ya maji, amevaa vizuri kama anayekwenda kutembelea watu, mkono tayari kwenye kitasa.

"Zamani alikuwa anabisha hodi," Bibi akanong'ona. "Leo ananiambia karibu. Mwanangu, si vizuri kukataa."

Mwenyekiti alimkumbatia kiunoni, akamrudisha kitandani. Mwili ulikuwa mzito kama godoro lililotoka ziwani.

Mganga waliyemwita alikuwa karani wa posta aliyestaafu na kurithi kazi ya baba yake. Hakufukiza chochote. Aliweka sikio kwenye ubao, akalitoa upesi, akalifuta kwa leso. Akauliza mlango ulikuwa umelalaje. Seremala akaeleza: chali, kitasa juu, katikati ya ziwa.

"Watu wazima," mganga akasema polepole. "Mkaona mlango umefungwa. Hakuna aliyejiuliza ni wa nyumba gani?"



Chini ya ziwa anaishi jini, alieleza; amefunguliwa nyumba yake, na aliyeufungua mlango ameuleta huku. Sasa anamtaka mwenye kumwitikia. Mlango urudi ulikotoka, kitasa juu, kabla Bibi hajavuka. Ukishafungwa, atabisha hodi mara moja, kwa sauti yoyote atakayoipenda. Asijibiwe: atakayemkaribisha, kwake ndiko atakakohamia.

Wakaubeba alasiri hiyohiyo, wenzao wa Jumamosi wakiwa mbele na nyuma kama wanaobeba jeneza, Bibi akisukumwa katika toroli la magugu huku akilalamika kwa sauti hafifu kwamba amewahi kupanda vyombo bora zaidi. Akaketishwa ukingoni. Mganga akapita kwa kila mtu akirudia onyo lake.

Mwenyekiti alifungwa kamba kiunoni. Yeye na mumewe wakausukuma mlango hadi penye kina, na hapo mguu wake ukakosa tope. Haukugusa chochote. Palikuwa na baridi tupu, na kutoka humo kitu kikamshika kisigino, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni kuvua viatu. Ukingoni Bibi alianza kutapika maji. Mwenyekiti akauvuta mguu, akapanda juu ya ubao kwa magoti yote mawili, mumewe akajilaza kando yake, wakazama nao. Ziwa likavuta pumzi iliyokuwa imeshushwa siku ile.

Walipoibuka, Bibi alikuwa amefuta mdomo wake. Mashavu yalikuwa makavu. Akauliza kama kuna mtu aliyefikiria kubeba chai.

Ndipo akatokea Afisa Mazingira wa manispaa. Tangu maji yaanze kumeremeta, ramani ilikuwa imerekebishwa, na kibao kikubwa kilisimama ukingoni kuonya kwamba kutupa taka ziwani ni kosa. Mwenyekiti ndiye aliyekipigania kwa miaka. Alikuwa amesimama mara nyingi nje ya ofisi ya Afisa, akibisha hadi vifundo vikamuuma, huku ndani redio ikiimba na hakuna anayesema karibu.

Afisa alisema amewaona kwa macho yake. Kutoa kitu ziwani ni uzalendo. Kuingiza kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji kikao. Mwenyekiti alikuwa bado anatweta. Akageuka amweleze kuhusu onyo la mganga.

Hakuwahi. Kutoka katikati ya ziwa, juu ya maji yaliyotulia, ikaja sauti nzuri ya mtu mwenye cheo, sauti ya mkubwa aliyekuja kukagua.

"Hodi."

Bibi alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Seremala akauma mkono wa shati. Mganga akanyoosha kidole kumwelekea Afisa, lakini yule alikuwa amekwishafunga kifungo cha koti, akasogea hadi maji yakagusa viatu vyake, akainama kidogo.

"Karibu, mheshimiwa," akasema. "Karibu sana."