Chupa ya Kuku Mia

Wengine hupenda kuficha aibu yao. Mimi yangu naisema mapema. Nilimwonea mwenzangu wivu, na wivu wangu uliniulia kuku tisa.

Naitwa Kahonzi. Hapa Junju wengi huniita Mama Pola. Nina mume, Dena. Tunalima mahindi na kunde. Shamba ni la ukoo na nyumba ni ya Dena, lakini kuku ni wangu. Walikuwa ishirini na watatu. Mayai yakiuzwa, binti yangu Pola anapata daftari, na mimi simwombi mtu.

Kila Jumanne alasiri mimi huenda gumbaru, shule ya watu wazima. Tunasomea kanisani. Nilianza siku moja na jirani yangu Ndinda, Mama Tevin, aliyehamia hapa kutoka Ukambani. Tulianza pamoja, lakini yeye alinipita mbio.

Siku moja mwalimu Vivian aliandika ubaoni neno la Kiingereza: keep.

"Nani anajua maana yake?"

Nikawa wa kwanza kuinua mkono. "Kuweka!"

"Vizuri, Mama Pola. Kuna maana nyingine?"

Nyingine tena? Ndinda akasimama.

"Kufuga pia ni keep, kama kufuga kuku. Kutunza siri ni keep. Kutimiza ahadi pia. Hata kuendelea na jambo bila kuacha."

Darasa zima likampigia makofi. Mwalimu akasema, "Mnaona? Neno halitembei peke yake. Someni yaliyo mbele yake na nyuma yake, ndipo mjue linasema nini."

Mimi wala sikusikiliza. Nilikuwa nautazama mdomo wa Ndinda ukicheka. Roho iliniuma, jamani!

Nyumbani nako sikupata nafuu. Dena alinawa mikono, akakaa, akasema, "Nasikia leo Mama Tevin amewashinda wote. Yule mama ana kichwa!"

"Basi nenda kamwoe!" nikamwambia, nikaiweka sahani ya ugali kwa kishindo.

Wiki ile tukasikia kideri kimeingia kijiji cha jirani. Kideri ni ugonjwa mbaya wa kuku. Kuku huhara kijani, shingo humpinda, akafa. Ugonjwa huo ukiingia bomani, unafagia kuku wote.

Ndinda akaja kwangu. "Hodi, Mama Pola! Tununue chupa moja ya chanjo, tuchanje pamoja. Moja yatosha kuku mia."

Nilikuwa napeta mchele. Sikugeuka. "Ahsante. Mimi nitajinunulia yangu."

Hakuna aliyenituma kujibu vile. Nilijua tu kwamba tukichanja pamoja, yeye ndiye atakayesoma karatasi ya maelezo, na mimi nitashika kuku kama mtumishi wake.

Nikaenda Mtwapa peke yangu. Muuza dawa aliniwekea chupa ya chanjo ndani ya thamosi yenye barafu.

"Hii ni ya kuku mia. Una kuku wangapi, mama?"

"Wananitosha," nikasema.

Asubuhi nikaikunjua karatasi ya chanjo. Yote Kiingereza! Macho yakatafuta, yakaona keep. Chini kidogo, keep tena. Nikacheka peke yangu. Kuweka! Kumbe najua kusoma bila Mama Tevin.

Nikachanganya dawa kama muuzaji alivyonionyesha. Tone moja kwenye jicho la kila kuku. Kila niliyemtia tone, nikamfunga uzi mwekundu mguuni. Nikafikisha kumi na wanne. Tisa walikuwa wameshatoroka, wako kwenye mahindi. Nikasema, si karatasi imesema kuweka? Nikaiweka chupa kando ya mtungi wa maji. Kesho yake nikawatia wale tisa tone lao, lakini uzi ulikuwa umeisha.

Baada ya wiki tatu kideri kikafika kwetu. Kuku wa kwanza alianguka asubuhi. Jioni wakawa watatu. Kufikia siku ya nne, tisa walikuwa wamekufa. Nililia kama nimefiwa na mtu.

"Ni Ndinda huyu!" nikamwambia Dena. "Ana jicho baya. Tangu zamani ananionea wivu."

Dena akaniuliza, "Nani anamwonea mwenzake wivu, Mama Pola?"

Akaenda kumwita Japheth, daktari wa mifugo.

Japheth aliwatazama waliokufa, akawatazama waliobaki. "Mbona wazima wote wana uzi mwekundu?"

Nikamweleza. Akaiomba karatasi, akaisoma taratibu.

"Mama, hapa juu wamesema keep, weka mahali pa baridi. Huku chini wamesema, ukishachanganya, do not keep. Yaani usiiweke. Itumie saa hiyohiyo, ikibaki mwaga. Dawa ikilala hufa, wale tisa uliwatia maji matupu."

"Neno nililijua," nikasema.

"Ulilijua. Maneno ya jirani yake hukuyasoma. Kwani hukuwa na mtu wa kumwuliza?"

Haki ya Mungu, swali lile lilinichoma kuliko vifo vya kuku.

Akaendelea kutufunza. "Waliokufa wazikeni kwenye shimo refu, msiwale wala msiwatupe. Chanjo hupewa kuku mzima, aliyeugua haimsaidii. Rudieni kila miezi mitatu. Wachanjeni alfajiri kabla hamjawafungulia, asitoroke hata mmoja. Na chupa ni ya kuku mia. Iteni majirani, muimalize yote siku moja."

Jioni ile nilienda kwa Ndinda. Alikuwa anachambua mchicha.

"Mama Tevin, nilikuonea wivu. Kuku wangu tisa wamekufa kwa sababu sikutaka kukuuliza. Na nimekusema vibaya kwa mume wangu."

Hakuinua kichwa. "Nilikuja mlangoni kwako. Ukanijibu umenipa mgongo."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Leo bado."

Nikarudi zangu. Nilistahili.

Miezi mitatu ilipokwisha, ni yeye aliyepiga hodi, mkononi ana chupa. Alfajiri majirani sita walileta kuku wao kwa matenga. Ndinda alisoma karatasi kwa sauti, mstari kwa mstari. Mimi nilishika kuku. Kabla jua halijapanda, chupa ilikuwa tupu. Tangu siku hiyo kideri kimepita huku mara mbili, na kwangu hakijaua hata kifaranga. Sasa nina kuku thelathini na wanane.

Mnataka kujua kama wivu umeniisha? Haujaisha. Juzi Ndinda aliletewa barua ya Kiingereza, akaisoma kuanzia juu hadi chini bila kusita. Roho ikaniuma palepale. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake, nikaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa," nikamwuliza, "wamesema nini?"