Kibuyu cha Juu ya Mlango wa Jiko

Vestina hakwenda sokoni kutafuta mwanamume. Alifuata nyanya tu, akiwa na gauni la kitenge la njano na viatu vyeupe ambavyo mtu mwenye akili zake havivai kwenye soko la Bukoba siku ya mvua. Katikati ya makelele akaona vibuyu vikavu vimerundikwa kwenye mkeka, akainama akashika kimoja.

"Kitikise," alisema muuzaji, mrefu, shati lake la bluu limenyooshwa vizuri. "Mbegu zikilia, kimekauka."

"Na kikinivunjikia?"

"Utakuwa umekinunua, dada, na mimi nitakuuliza jina."

Aliitwa Avit, mgane wa Buganguzi aliyelima migomba, kahawa na vibuyu. Vestina aliuza dawa mjini, na jioni za chumba chake kule Nyanga zilimchosha kwa upweke. Alianza kujifunza kwa Avit, kwa simu, namna ya kutengeneza vibuyu: loweka, kwangua ngozi kwa kisu butu, funga kitambaa puani kabla ya msumeno, kisha chora maua kwa waya uliopashwa moto. Kibuyu chake cha kwanza kilitoka na mdomo umepinda, Avit akasema kimeng'atwa na mbwa. Masomo yaliisha, simu hazikuisha.

"Lala salama, mwanafunzi wangu."

"Mwalimu gani hachoki kuongea? Nawe lala salama, mpenzi."

Jumamosi moja Avit akamwalika kwake. Alimtembeza kibanjani, shamba lake la nyumbani, akamwonyesha bila kuficha kaburi la mkewe, Jovita, chini ya migomba, kisha akaenda kukata ndizi za mchana. Vestina akabaki uani peke yake. Juu ya mlango wa jiko akaona kibuyu kimoja kimening'inia, cheusi kwa moshi. Akakitikisa. Mbegu zililia kuliko za kibuyu chochote alichowahi kushika, naye akataka kumfurahisha mwalimu wake. Alichukua msumeno, akakikata shingo.

Avit alirudi na mkungu begani. Aliutua polepole.

"Hicho alikianika Jovita," alisema.

Kwao kibuyu alichokiacha marehemu hakikatwi. Kila jioni Avit alikitikisa akamsalimu mkewe, na mbegu zikamwitikia. Hakumgombeza Vestina. Alikifunga kibuyu kwa kitambaa bila kuchungulia ndani, akamsindikiza hadi barabarani na kugeuka, na hilo lilimuuma binti wa watu kuliko matusi.

Tangu hapo Avit hakupokea simu zake. Kule Nyanga, giza lilipoanza kuingia, vibuyu vyake vilisikika vikitikisika rafuni na hapakuwa na upepo. Alijiambia ni panya. Alivitoa nje vyote, na sauti ikabaki chumbani. Aliogopa, lakini alimkumbuka Avit zaidi ya alivyoogopa, hata chakula kikamshinda.

Kisha Avit akapiga.

"Vesti, ulipokikata, ulikuta nini ndani?"

Angeweza kumdanganya. Kusema mbegu nyeupe, nzima, kungemrudishia mwanamume wake papo hapo. Lakini alimpenda.

"Vumbi jeusi. Na mbegu zilizoliwa na wadudu, maganda tu."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna. Nisamehe."

Alimsikia analia, polepole, kama mtu asiyezoea.

"Kumbe nilikuwa nasalimia maganda," alisema Avit mwishowe. "Njoo, Vestina. Nitawatuma kaka zangu kwenu na pombe ya rubisi waje kuposa, mambo yaende kwa heshima. Ila kwanza njoo uniitikie wewe."

Akaenda. Jua lilipozama Avit alisimama kwenye mlango wa jiko, akasalimu kwa Kihaya kama alivyozoea. Vestina akaitikia kwa sauti iliyotulia. Avit akatabasamu, akamshika mkono na kuubana kwa furaha, lakini hakuingia ndani. Alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja kuitikiwa mara ya pili, kutoka pale kilipokuwa kibuyu. Vestina hakumvuta. Alisimama naye pale mlangoni, mkono wake mkononi mwake, na yeye pia akajikuta anasikiliza.