Sahihi ya Luhaga

Luhaga alirudi kutoka kiwanda cha pamba, nywele zimejaa vumbi jeupe. Alinawa, akaketi uani kwake, mtaa wa Buzuruga. Mkewe, Getruda, alikuwa akigeuza samaki kwenye kikaango.

"Umetia sahihi?" Getruda akauliza.

"Sijatia. Na sitatia."

Ilikuwa mwaka 1998. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa na mfuko wao wa uzeeni. Kila mwezi walikatwa kidogo kwenye mshahara, fedha zikawekwa benki. Sasa kamati ya mfuko ilitaka kampuni ya wataalamu ikuze fedha hizo. Wajumbe wawili walikwisha kutia sahihi. Bila sahihi ya Luhaga, mjumbe wa tatu, fedha zisingetoka.

"Watu mia mbili wananitegemea," alisema. "Ushirika wetu ulikufaje? Watu wa tai walikuja na mikoba mikavu, wakaondoka imenona."

"Na hawa wa sasa, mikoba yao umeiona?"

"Mikavu kabisa. Ndiyo maana naogopa!"

Getruda akacheka. Mara jirani yao Justa, karani wa chama cha wafanyakazi, akabisha hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nawe umetumwa na wenye tai?"

"Sijatumwa na mtu. Nauliza tu. Miaka mitano iliyopita, akiba yako ingenunua ng'ombe wangapi?"

"Watatu."

"Na leo?"

"Wawili. Tena mmoja awe kilema."

"Lakini kule benki haikupungua hata senti. Bei zinapanda upesi kuliko riba, baba. Fedha zimekaa, huku zinaliwa."

"Heri mwizi nisiyemwona kuliko nitakayemfungulia mlango!"

Justa hakukata tamaa. "Marehemu baba yako kule Sengerema, ng'ombe wake wote aliwalaza zizi moja?"

"Thubutu! Ugonjwa ukiingia si watakwisha? Aliwagawa kwa wafugaji wanne, vijiji mbalimbali. Wao walikunywa maziwa. Ndama walikuwa wake."

"Na ng'ombe akifa?"

"Mfugaji analeta ngozi. Asipoileta, amemuuza huyo."

"Kwa hiyo baba yako hakuwaamini?"

"Aliwaamini. Lakini alikwenda kuwahesabu ng'ombe wake, tena bila kubisha hodi."

"Basi wataalamu nao hugawa fedha. Nyingine huikopesha serikali. Nyingine hununua nyumba za kupangisha, au hisa, yaani sehemu ya umiliki wa kampuni. Mahali pamoja pakiharibika, pengine pamesimama. Malipo yao ni ada, ndiyo maziwa yao. Kazi yako si kuwakimbia, baba. Ni kudai ngozi."

Luhaga alichora mazizi manne mchangani kwa kijiti, mpaka samaki wakapoa.

Kwenye kikao cha wafanyakazi, alimkazia macho Alexander, kijana wa kampuni.

"Fedha atazishika nani?"

"Benki, mzee. Sisi tunaelekeza ziwekwe wapi. Haziingii mikononi mwetu."

"Nani atawakagua?"

"Mkaguzi mtakayemchagua ninyi."

"Mkituangusha?"

"Mtatufukuza."

"Kila miezi mitatu, taarifa ibandikwe getini. Hasara pia."

Alexander akasita. "Hasara pia?"

"Hasara kwanza!"

Watu wakapiga makofi. Mkataba uliandikwa upya na masharti yote. Luhaga akatia sahihi, lakini kwa nusu tu ya fedha.

Taarifa ya pili ilipobandikwa, mwenzake Obedi aliita kwa sauti, "Luhaga! Umetumaliza! Hisa za kampuni moja zimeanguka!"

"Soma mpaka chini, Mkerewe wewe," Luhaga akamtania.

Obedi akafuatisha mistari kwa kidole. Kodi za nyumba zilikuwa zimeingia. Serikali ilikuwa imelipa riba. Kwa jumla, nusu ile ilikuwa imekua kuliko nusu iliyolala benki. Obedi akarudia kusoma.

Mwishoni mwa mwaka mkaguzi alithibitisha kila mstari. Obedi alistaafu, akalipwa mafao yake bila kuzungushwa. Alipanda meli kwenda kwao kisiwani, Nansio, na mabati ya kuezekea nyumba yake.

Jumatatu iliyofuata, Luhaga alikunjua karatasi ya nusu iliyobaki. Alitia sahihi polepole, herufi moja moja. Kisha akamtazama Alexander.

"Haya. Taarifa inayofuata ni lini?"