Hatua Zisizo na Mwenyewe

Msafiri hakutakiwa kuonyesha chochote. Alitakiwa kutembea tu. Sakafu ya mita kumi na mbili ilisikiliza visigino vyake, macho ya darini yakapima mabega yanavyopishana, na kabla hajaimaliza sakafu, mlango ulikuwa umeshamjua ni nani, katoka wapi na anakwenda wapi. Mashine hiyo iliitwa kisomahatua. Ilikuwa imeondoa foleni za pasipoti katika viwanja mia mbili vya ndege. Uso unaweza kuchongwa upya na sauti ikaigizwa, walisema walioiunda, lakini mwendo wa mtu hauibiki.

Mhandisi Adelina Rwechungura alikuwa mmoja wao. Alfajiri hiyo alikipita kisomahatua cha Dar es Salaam kwa sekunde tisa. Siku hiyo hiyo alitakiwa awe Busan, kwenye kikao cha Baraza la Safari kilichoitishwa kufuta kabisa pasipoti za karatasi. Wajumbe wengine walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Kura yake ndiyo iliyongojewa.

Ndegeroketi zilikuwa zimefupisha anga. Viwanja hazikuvifupisha. Katika kituo cha Sokotra, kilichojengwa juu ya maji, Adelina alibadilishiwa lango mara tatu, na kila lango lilikuwa ncha nyingine ya kituo. Roboti ya mizigo ilimweleza kwa upole kwamba sanduku lake limetangulia Montevideo. Mashine ya chakula ikamkabidhi supu inayochemka, na hapo hapo abiria wa Almaty, kituo chake cha mwisho kabla ya Busan, wakaitwa. Alikimbia na kikombe mkononi, akaikosa ngazi ya mwisho. Kifundo cha mguu wa kulia kikateguka.

Almaty alishuka akichechemea. Alitembea juu ya sakafu aliyoifahamu kuliko ya nyumbani kwake, akafika mwisho, na mlango haukufunguka.

"Samahani," ilisema sauti, kwa Kiswahili safi. "Hatua hizi hazina mwenyewe."

"Mimi ni Adelina Rwechungura. Ndimi niliyekufundisha."

"Mhandisi aliyenifundisha ninamjua," ilijibu sauti bila kejeli yoyote. "Yeye hachechemei."

Akaelekezwa Chumba cha Uthibitisho. Jina hilo alilijua kutoka kwenye michoro, ambako lilikuwa kisanduku kidogo pembeni mwa karatasi. Kumbe kilikuwa chumba kirefu chenye viti vya bluu na dirisha moja lililotazama mabawa ya ndege. Ndani alikuwamo mtu mmoja tu, mwanamke wa miaka sitini na ushei, aliyevaa buibui na viatu vya raba. Alikuwa akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akichechemea vibaya sana. Kila alipofika ukutani alisimama wima, akageuka vizuri kabisa, kisha akaanza tena kuchechemea.

"Shikamoo, mama," alisema Adelina.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekataliwa?"

Aliitwa Bi Mwanakombo Shee, wa Lamu. Alikuja Almaty kubadilishwa nyonga iliyomtesa miaka kumi na minne. Upasuaji ulifaulu. Siku ya kurudi kwao alitembea kwenye kisomahatua amenyooka kama msichana, na mlango ukamwambia haumjui.

"Leo siku ya kumi na tisa," alisema. "Pasipoti ya karatasi hapa haipokelewi tena, na mwendo mpya lazima ukasajiliwe kwenye mlango wa nyumbani. Na nyumbani hawaniachi niende. Basi ninajifunza kilema changu upya. Nimeshajaribu mara saba."

Adelina alikaa. Kanuni hiyo aliiandika yeye, mchana mmoja, baada ya chakula, ili kuwazuia matapeli. Hakuna mjumbe aliyeipinga. Kwenye taarifa zake watu kama Bi Mwanakombo walikuwa mmoja katika laki tatu, na kiwango hicho alikiita kizuri.

"Unaiga mguu, mama," alisema hatimaye. "Mashine haisomi mguu. Inasoma bega linavyouhurumia mguu. Acha bega la kushoto lianguke kabla kisigino hakijagusa chini."

"Wewe umeyajulia wapi haya?"

"Niliitengeneza."

Bi Mwanakombo alimtazama. Hakumtukana. Alirudi ukutani akaanza upya, bega kwanza.

Walifanya hivyo karibu saa nzima. Adelina alihesabu mapigo kwa kupiga kofi, "sasa... sasa...," na kila kofi mama yule aliutupa uzito wake wote juu ya nyonga ambayo daktari alimwonya asiilemee. Jasho lilimtoka. Mara ya nane alipokwenda mlangoni, mlango ulifunguka.

"Karibu tena, Bi Mwanakombo."

Kwa upande wa pili wa kioo, Adelina alimwona akijaribu kujinyoosha. Nyonga haikukubali. Aliinua mkono kuaga, akaenda zake akichechemea, na safari hii hakuwa akiiga.

Skrini ya ukutani iliwaka. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa akipiga kutoka Busan, na wajumbe kumi na mmoja nyuma yake.

"Mhandisi, tunakungoja. Unakubali au unakataa?"

"Nakataa. Andikeni hivyo."

Mwenyekiti alisoma kitu mbele yake, akakunja uso. "Sauti yako tunaijua, mhandisi. Lakini hapa naona mlango haujakuthibitisha. Kikao hakiwezi kupokea neno lako."

"Kanuni naijua. Basi msiandike. Nisikilizeni tu."

Akaanza kuwasimulia. Aliwatajia jina la mama, miaka kumi na minne ya maumivu, siku kumi na tisa za viti vya bluu, bega la kushoto, kofi moja baada ya jingine. Alisema pia nani aliyepiga hayo makofi. Mjumbe mmoja aliuliza kama nyonga itapona. Adelina alisema hajui.

Kikao kilichopangiwa dakika kumi kilichukua saa mbili, na hakuna aliyekata mawasiliano. Kumbukumbu zake zipo hadi leo, nazo zina mstari mmoja tu: kura ya kufuta pasipoti za karatasi haikupigwa. Mahali pa kuandika sababu pameachwa wazi.