Kumikumi na Ndoo ya Darasa

Kila asubuhi kabla ya kengele, mwanafunzi wa zamu alijaza maji kwenye ndoo ya darasa la tano. Ilikuwa ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko na koki ndogo ubavuni, iliyokaa juu ya kigoda nyuma ya darasa. Zamu ilidumu wiki mbili, na safari hii alikuwa nayo Kumikumi.

Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu katika ufahamu hakujua alama nyingine ila kumi juu ya kumi. Siri yake nusu ya darasa waliijua, nao waliiita kudokoa, kama mtoto anavyodokoa nyama jikoni. Hakuwa na haja ya kusoma hadithi. Alitazama swali, akachagua neno moja, akalitafuta katika hadithi, kisha akanakili sentensi nzima alimolikuta. Maana za maneno alizichota ukurasa wa mwisho wa kitabu. Dakika kumi, kazi kwisha!

Ndoo nayo aliifanyia mtindo huohuo. Kanuni ilikuwa kumwaga maji ya jana, kuisugua kwa sabuni na kuisuuza. Yeye alifunua mfuniko nusu, akamimina maji mapya juu ya yale ya jana bila hata kuchungulia, akaondoka.

"Mbona husugui?" aliuliza Domo, jirani yake wa dawati, ambaye hakunyamaza hata akiwa na mkate mdomoni.

"Maji yanajisugua yenyewe," alijibu Kumikumi.

Mtu mmoja tu alikuwa amelalamika. Mdogo wake wa darasa la kwanza, aliyekuja kunywa hapo kila mapumziko, alimwambia siku moja, "Dada, maji yenu yana ladha ya soksi."

"Kwani umewahi kula soksi?" Kumikumi akamjibu, na darasa zima likacheka. Mtoto akanywa, akaenda zake.

Sasa asubuhi hii mdogo wake hakuja shule. Alikuwa ameharisha tangu alfajiri, macho yamemwingia ndani, na mama yao alimbeba mgongoni kumpeleka zahanati. Kumikumi alilaumu mapera mabichi.

Somo la kwanza lilikuwa ufahamu. Hadithi ilihusu familia moja na pipa lao la maji. Kumikumi hakuisoma. Alidokoa, akapeleka daftari mbele wa kwanza. Swali liliuliza kwa nini watoto wa nyumba ile waliugua, naye alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: "Waliugua kwa sababu maji mapya yalimiminwa kila siku juu ya maji ya zamani, na pipa halikusuguliwa." Maana za maneno nazo zilifuata: Utando ni tabaka jembamba linalofunika kitu. Uvundo ni harufu mbaya ya kitu kilichooza. Mwalimu akatia vema, vema, vema. Kumi juu ya kumi.

Mwalimu alikuwa amekaukwa na koo kwa vumbi la chaki. "Hebu niletee maji, binti," alisema.

Kumikumi akakinga kikombe, akampelekea kwa mikono miwili. Mwalimu akakiinua hadi mdomoni, akasita. Ndani ya kikombe ulielea mguu wa mende, mwembamba, wenye miiba.

"Nenda kaifunue ile ndoo," alisema polepole. "Ifunue yote. Tia mkono ndani."

Msomaji, kama unakula, weka kijiko chini kwanza. Kuta za ndoo zilikuwa zimevaa ute wa kijani uliovutika kama kamasi. Mende wawili walielea chali, wamevimba, na mmoja hakuwa na mguu. Harufu iliyotoka ilikuwa ya maji ya mtaro. Msichana mmoja alikimbilia dirishani akitapika. Domo alifunga mdomo, kwa mara ya kwanza mwaka ule.

"Huo ulioganda vidoleni mwako unaitwaje?" Mwalimu aliuliza.

Kumikumi akageukia kitabu chake.

"Usitazame kitabu. Tazama mkono wako."

"Ni... utando, Mwalimu."

"Na hicho kinachokuingia puani?"

"Uvundo."

"Na mtu akinywa maji haya?"

Kumikumi alifungua mdomo kujibu. Jibu aliliandika mwenyewe dakika chache zilizopita. Ladha ya soksi! "Mwalimu," alisema huku machozi yakimtoka, "mdogo wangu yuko zahanati. Alikuwa anakunywa hapa kila siku."

Mwalimu hakupoteza muda, akampigia mama simu. Kumbe muuguzi alikuwa akiuliza na kuuliza mtoto alikunywa maji gani, na mama aliapa kwamba ya nyumbani huchemshwa. Sasa muuguzi alijua atibu nini. Aliagiza pia kila mwanafunzi anayeumwa tumbo apelekwe, nao walipatikana watatu.

Jioni Kumikumi aliimwaga ndoo na kuisugua mara nne, huku akijizuia kutapika. Vidole vilinuka hata baada ya sabuni. Lakini kilichomtia kinyaa zaidi ni daftari lake, na zile vema zilizojipanga. Alilipeleka kwa Mwalimu.

"Nifutie alama, Mwalimu. Sikuisoma hadithi. Nilidokoa."

Mwalimu alilipokea daftari. "Nitazifuta. Ila na mimi nina kosa langu. Nilisahihisha kwa kulinganisha na majibu ya kitabu changu, sikukuuliza umeelewa nini. Mimi pia nilidokoa. Kuanzia kesho tutafunga vitabu, kila mtu aeleze kwa maneno yake." Akamrudishia daftari. "Kuhamisha maneno kutoka kitabuni kwenda daftarini si kusoma, mwanangu. Ukisoma, jiulize jambo hili linanihusu wapi. Ungejiuliza leo asubuhi, ungeinuka mwenyewe ukaifunua ile ndoo. Na kazi yoyote uliyokabidhiwa, ifanye kama wewe ndiye utakayeinywa."

Siku ya nne mdogo wake alirudi shule, shingo imekonda. Wakati wa mapumziko alisimama mbele ya ndoo na kikombe kitupu, hakugusa koki.

"Dada, umeisugua?"

"Nimeisugua."

Mtoto alinusa koki, akarudi nyuma hatua moja. Kumikumi aliumia, lakini hakumlaumu. Alichukua kikombe kile, akakinga maji hadi juu, akayanywa yote mbele yake mpaka tone la mwisho. Kisha akakisuuza, akamrudishia.

Mdogo wake alikipokea kikombe. Halafu akasogea, akafungua koki mwenyewe.